Baridi ya Makete Si Baridi ya Astana

*"Daktari, habari za kazi. Binti yangu anasoma Astana, Kazakhstan, yuko mwaka wa tatu. Amenikatia tiketi nikamtembelee kuanzia tarehe 12 Januari kwa majuma mawili, mimi na mjukuu wangu wa miaka tisa ninayemlea hapa Tabata. Nina miaka 61, nina presha na nameza dawa kila siku, na pumu yangu huja na kuondoka. Mtoto ana selimundu, lakini mwaka huu ameumwa mara moja tu, mwezi wa Juni tulipokwenda msibani Makete. Majirani wananitisha kwamba huko watu hugandia barabarani. Mimi nimezaliwa Makete, baridi naijua, na nimeshanunua masweta sita ya mtumba. Twende au tusiende? Na ni kweli kwamba ukinywa kitu kikali kidogo damu inapata moto?"*

Shikamoo mama. Nianze na jibu, maelezo yafuate, maana najua tiketi iko mezani na roho iko juu juu. Wewe unaweza kwenda, ukijipanga. Mtoto asiende Januari. Kinywaji kikali, hapana. Na hayo masweta sita, mawili yanatosha.

Majirani zako wamezidisha chumvi, lakini chumvi yenyewe ipo. Astana ni mji wa watu zaidi ya milioni moja, na asubuhi ya Januari wanakwenda kazini kama wa Kariakoo wanavyokwenda. Ulifanywa mji mkuu mwaka 1997, serikali ilipohama kutoka Almaty kule kusini, na majengo mengi utakayoyaona yamejengwa baada ya hapo. Kabla ya hapo uliitwa Akmola, jina ambalo wengi hulitafsiri "kaburi jeupe", na ukisimama kando ya Mto Ishim katikati ya Januari utaelewa kwa nini tafsiri hiyo haifi. Mto wote ni barafu, watu wanatembea juu yake. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 15 chini ya sifuri, mchana na usiku ukijumlishwa. Usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri hakuna anayeushangaa, na iliwahi kupita 50. Wanaokufa kwa baridi mara nyingi ni waliokwama na gari nyikani wakati wa dhoruba ya theluji, wao huiita *buran*, au walevi waliolala nje. Wewe hutakuwa miongoni mwao.

Sasa Makete. Nawaheshimu watu wa Makete, na umande unaoganda Kitulo mwezi wa Juni na Julai nimeukanyaga. Lakini pale jua likichomoza, saa tatu au saa nne majani yamekwisha kauka na mtu anavua koti akalime viazi. Baridi ya Makete huja alfajiri na kuondoka. Ya Astana ikiingia Novemba inakaa hadi Machi, na theluji iliyoanguka mwezi wa kwanza unaikuta mwezi wa tatu imekuwa jiwe. Kwa hiyo uzoefu wako ni wa kuvumilia saa tatu. Mwili wako haujui baridi isiyoondoka, wala wangu haukujua. Nilipokwenda kusomea udaktari Urusi nilitua na viatu vya ngozi vizuri sana nilivyonunua Kariakoo. Juma la pili soli ilikuwa ngumu kama ubao. Kwenye ngazi za bweni, ngazi nne tu, niliteleza nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mtihani wangu wa kwanza wa anatomia niliandika kwa mkono wa kushoto.

Kinachowapotosha wengi ni ile namba ya kwenye simu. Mwili ni jiko. Unatengeneza joto muda wote na kulipasha tabaka jembamba la hewa linalogusa ngozi. Hewa ikitulia, tabaka hilo linakuwa blanketi. Upepo ukija unalipeperusha, jiko linaanza upya, linapeperushwa tena. Ndiyo maana nyuzi 20 chini ya sifuri zenye upepo wa kilomita 20 kwa saa, upepo wa kawaida tu, ngozi tupu inazihisi kama nyuzi 30. Nyuzi 25 zikipata upepo wa kilomita 30 zinakuwa kama 39. Hapo pua na masikio yaliyo wazi yanaweza kuanza kuganda kwa muda wa dakika kumi hadi nusu saa. Na Astana imekaa kwenye nyika tambarare, kaskazini hakuna mlima wa kuzuia chochote kinachotoka Siberia. Kwa hiyo kila asubuhi muulize binti maswali mawili: nyuzi ngapi, na upepo je? Siku ya nyuzi 25 iliyotulia, yenye jua, ni siku nzuri ya kutembea. Siku ya nyuzi 12 yenye upepo inaweza kukutoa machozi, na machozi yakagandia kwenye kope.

Masweta sita yana kosa hilohilo. Kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo, na ukibananisha masweta sita ndani ya koti moja umeifinya hewa yote ikatoka. Halafu utatoka jasho, utaingia nje umelowa, na nguo iliyolowa inanyonya joto la mwili upesi kuliko iliyo kavu. Pamba ndiyo mbaya zaidi, hailiachii jasho. Unachohitaji ni nguo ya ndani ya sufu nyembamba au ya kitambaa cha michezo kinachokauka upesi, juu yake sweta moja la sufu halisi, juu yake koti refu lenye manyoya ya bata ndani, linaloshuka chini ya magoti na lina kofia yake. Mkononi vaa glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja vipashane joto. Kofia ifunike masikio. Skafu ifunike pua. Hereni za chuma ziache Tabata.

Koti na buti usinunue Dar. Nimeona makoti ya soko la Karume, mazuri, lakini mengi yameshonwa kwa ajili ya mvua na baridi ya Ulaya magharibi. Huko Astana kila duka linauza buti ambazo soli yake haigeuki ubao, na wanafunzi wanaomaliza masomo huuza makoti yao kwa bei ya kutupa. Binti yako miaka mitatu yuko pale, lazima anamjua mtu.

Jambo lingine huwa linawashtua wageni kuliko baridi, nalo ni joto la ndani. Mji wote unapashwa kwa maji moto yanayosafiri kwenye mabomba kutoka vituo vya umeme, na nyumbani kwa binti utakuta nyuzi 24 au 25, watu wamevaa fulana. Hewa yenyewe ni kavu kupita maelezo. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Ikiingizwa ndani na kupashwa moto mvuke unabaki uleule kidogo, kwa hiyo inaanza kunyonya unyevu popote inapoukuta: midomoni, puani, machoni, kooni. Utaamka siku ya tatu na damu kidogo puani ukadhani ni presha. Mara nyingi ni ukavu tu, ingawa ukiwa na kipimo, pima uhakikishe. Mafuta ya mgando ndiyo rafiki yako; losheni za maji maji hazitoshi, na usipake dakika unayotoka. Weka beseni la maji au taulo lililolowa karibu na bomba la joto chumbani. Na kunywa maji hata kama husikii kiu, kwa sababu baridi hukojoza: mishipa ya ngozi ikijibana, damu inakimbilia katikati ya mwili, figo zinadhani maji yamezidi na zinayamwaga. Kama dawa yako ya presha ni ile inayokukojoza, jambo hili linakuhusu mara mbili.

Mishipa hiyohiyo inayojibana ndiyo hupandisha presha. Mtu ambaye hapa anasoma 135 juu anaweza kule kusoma 150 kwa dawa ileile, na akitoka kwenye nyuzi 25 za ndani kwenda nyuzi 25 chini ya sifuri kwa mara moja, huku anakimbilia basi, moyo unafanyishwa kazi ya punda. Kwa mwenye presha iliyotulia hilo linabebeka. Kwa ambaye haijatulia, hapo ndipo kiharusi na mshtuko wa moyo vinapotokea. Kwa hiyo sharti langu la kwanza: nenda kliniki sasa, siyo juma la mwisho. Presha ipimwe zaidi ya mara moja, dawa zipangwe, na upewe za majuma manne kwa safari ya mawili. Zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa yenyewe, siyo ya kampuni. Ukipata mafua huko usinunue vidonge vya kuzibua pua bila kumwambia mfamasia una presha, vingi huipandisha.

Kuhusu kitu kikali. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia juu, unajisikia umewaka. Joto hilo linatoka ndani, kwenye moyo na ini, na linapotelea hewani. Umefungua dirisha la nyumba ili barabara ipate joto. Huko watakupa chai, tena ya maziwa, Wakazakhi hunywa chai ya maziwa siku nzima, na pembeni wataweka *baursak*, vipande vya unga vilivyokaangwa ambavyo ukivila umefumba macho utaapa ni maandazi ya kwetu. Nyama kwenye sinia inaweza kuwa ya farasi, uliza kwanza kama una neno nayo.

Pumu inataka adabu yake. Hewa baridi na kavu inakausha njia za pumzi, zinakereka, zinajibana. Ongeza moshi wa makaa ya mawe, ambao siku baridi zisizo na upepo hulala juu ya mji. Pumua kwa pua, skafu ikiwa juu ya pua na mdomo ili pumzi inayotoka iipashe inayoingia. Inhela isikae kwenye mkoba. Ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana ikipoa sana haipulizi dawa ya kutosha, na utagundua hilo wakati mbaya kuliko yote. Simu nayo iweke humohumo, betri hufa ghafla. Muulize daktari wako kama unahitaji ile inhela ya kila siku ya kuzuia, na uianze majuma kadhaa kabla. "Inakuja na kuondoka" ni maneno ambayo sisi madaktari hatupendi kuyasikia kabla ya safari ya namna hii.

Sasa mtoto, na hapa naomba unisikilize kama ningekuwa mwanao.

Umeandika ameumwa mara moja tu, Juni, Makete. Umeiandika kama habari njema. Mimi niliisoma nikarudia kuisoma. Mtoto aliyekaa salama kwenye joto la Dar mwaka mzima ameumwa katika siku chache alizokaa baridini. Siwezi kuapa kwamba ni baridi. Misiba ina kukesha, kusafiri, kusahau kunywa maji. Lakini ni mpangilio tunaoufahamu. Kwenye selimundu, chembe nyekundu ya damu ikikosa oksijeni hujikunja, ikawa ngumu kama mundu. Kwa kawaida inapita kwenye mishipa midogo na kufika kwenye mapafu kabla haijajikunja sana. Baridi ikibana mishipa, damu inapita polepole, chembe zinapata muda wa kujikunja zikiwa bado njiani, zinakwama, na kinachofuata unakijua: mtoto analia ameshika mguu au mgongo. Mwili ukikauka maji damu inakuwa nzito, mambo yanazidi. Upepo na hewa kavu navyo vimehusishwa na maumivu hayo. Hesabu mwenyewe: Astana Januari ina baridi, ina upepo, ina ukavu, na ni msimu wa mafua makali. Kabla hata hujafika kuna ndege, ambayo hewa yake ndani ni kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, kwa saa nyingi, kwani wengi wanaotoka Dar hubadilishia Istanbul au Ghuba.

Najua utasema nitamfunika vizuri. Utamfunika. Lakini ana miaka tisa, ataona theluji kwa mara ya kwanza maishani na atavua glavu. Mimi nilikuwa na ishirini na nilizivua.

Kuna njia tatu za uaminifu. Ya kwanza, ndiyo ningeichagua: sogeza tarehe nyote wawili hadi Juni. Tiketi itakutoza, inauma, lakini Juni mji huo una nyuzi 20 na kitu, jua linakaa hadi usiku, na mtoto atakimbia kando ya mto badala ya kufungiwa ndani. Ukivuta hadi tarehe 6 Julai utakuta sikukuu ya mji mkuu wenyewe. Ya pili: nenda peke yako Januari, mtoto abaki na mtu anayejua dalili zake na njia ya hospitali, halafu umwahidi kiangazi. Ya tatu, kama hakuna wa kubaki naye na tarehe haisogei: usiamue wewe wala mimi. Mpeleke kliniki ya selimundu, Muhimbili mko karibu, angalau mwezi mmoja kabla, waangalie damu yake, chanjo zake, kama anatumia haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu, na kama ipo ya kutosha, na waseme wao kwa maandishi kama anafaa kuruka. Wakisema hapana, ni hapana. Mimi kwa barua siwezi kumpima.

Ukienda wewe, siku zako zipange fupi. Katikati ya Januari jua linatoka kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu. Kuna saa mbili za tofauti na Dar, usingizi hautasumbua sana. Toka saa sita mchana, kitu kimoja nje, kimoja ndani. Mnara wa Bayterek una sehemu ya kutazamia mji kwenye mita 97, kwa heshima ya mwaka 1997. Ni sehemu nzuri ya kuanzia, unauona mji wote umelala kwenye weupe. Makumbusho ya Taifa yanakula siku nzima bila kuvua glavu zaidi ya mara moja. Na Khan Shatyr, hema la mita 150 lililofunguliwa mwaka 2010, ndani yake kuna maduka na juu kabisa ufukwe wa bandia wenye mchanga ulioletwa kutoka Maldives. Mtu wa Dar kwenda kuona ufukwe Kazakhstan! Nenda tu, utacheka. Teksi iitwe kwa simu na uisubiri ndani ya mlango. Msitoke nje ya mji kwa gari bila kuuliza hali ya hewa. Dhoruba ikija barabara hufungwa, na wanaozifunga wana sababu.

Ninachokiogopa zaidi kwako si kuganda, ni kuanguka. Tembea kama bata, hatua fupi, mguu mzima chini, mikono nje ya mifuko. Nyonga ikivunjika katika miaka 61, ziara imegeuka kitu kingine.

Na ujifunze dalili za kuganda kwenye ngozi yetu, kwa sababu vitabu vingi vinasema ngozi inakuwa nyekundu kisha nyeupe. Yetu inakuwa ya kijivu, kama imepakwa majivu, inang'aa kama nta, ngumu, na maumivu yanaondoka. Maumivu yakiondoka ghafla ndipo uogope. Uchunguzi wa wanajeshi wa Uingereza na Marekani umeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi kuliko wenzao, kwa hiyo usijilinganishe na mwenyeji aliye bila kofia. Ikitokea, ingia ndani, usisugue, usipake theluji, usisogeze kwenye jiko. Tumia maji ya vuguvugu ambayo kiwiko chako kinayavumilia bila shida. Kidole kikibaki kigumu au kikitoka malengelenge, ni hospitali siku hiyohiyo.

Hospitali pia, bila kusubiri asubuhi, kwa kifua kubana, mdomo kupinda, mkono kuishiwa nguvu, au pumu isiyosikia inhela. Gari la wagonjwa ni 103, na 112 ni ya dharura zote. Mwache binti aongee, Kirusi au Kikazakhi. Mkipata homa, mwambie daktari wa huko sentensi hii kabla ya nyingine zote: nimetoka nchi yenye malaria. Hataiwaza mwenyewe. Bima ya safari inunuliwe ukiwa umeandika presha na pumu kwenye fomu, maana ukivificha hawalipi.

Kazi ya leo jioni ni ndogo. Ukimaliza shughuli, miguu ikiwa imevimba kidogo, vaa soksi mbili, simama juu ya karatasi, mtoto akuchoree mguu kwa penseli. Piga picha mchoro na rula pembeni, mtumie binti. Anunue buti inayozidi mchoro kwa upana wa kidole gumba, kwa sababu buti inayobana inazuia damu na vidole vitaganda humohumo ndani ya manyoya. Siku ya kufika aje nazo uwanja wa ndege pamoja na koti. Ubadilishe ndani, ukae, ufunge kamba vizuri, ndipo mtoke.